Maneno Manne kati ya Kumi na Tano

Mama yangu alipata nne. Kati ya maneno kumi na tano aliyosomewa alikumbuka manne, na aliyeiandika hiyo nne kwenye fomu ni mimi, kwa kalamu yangu, kwa mwandiko niliosifiwa tangu darasa la pili. Nimewakasirikia watu wengi kwa yaliyotokea baadaye. Lakini kila nikianza kuwahesabu, wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, nasoma saikolojia. Mwalimu wangu, mwanamke wa hapa hapa Unguja aliyekwenda kusoma nje na kurudi, alikuwa akifanya jaribio la kumbukumbu. Alitaka kujua kama watu wazima wa mjini na watu wazima wa shamba wanakumbuka sawasawa. Watu wa mjini aliwajaribu mwenyewe katika ofisi yake ya Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, chumba cha kuta nene ambacho hata adhana huingia kwa unyonge. Kwa watu wa shamba alinichagua mimi, kwa sababu nimezaliwa Mkokotoni na alijua kwamba nikibisha hodi, watu watanikaribisha. Nilijiona nimepanda cheo. Nilimpenda yule mwalimu. Nilikuwa nikiiga hata namna yake ya kufunga mtandio.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi. Mtu anakaa, anavaa hedifoni kubwa za kufunika masikio, anasikia sauti ya mwanamume iliyorekodiwa ikisoma maneno kumi na tano, moja moja. Sauti ikinyamaza, anataja yale anayoyakumbuka, kwa mpangilio wowote. Mimi naandika. Basi.

Pale Mkokotoni tulipewa chumba kitupu karibu na soko. Asubuhi mnada wa samaki ulikuwa ukiendelea nje ya dirisha, na mashine za boti za kisiwa cha Tumbatu zikinguruma zinapowashwa. Nilimwambia mwalimu kwa simu kwamba pana kelele. Akanijibu kwamba ndiyo maana wanavaa hedifoni. Nikaona ameniambia la maana.

Mama alikuja siku ya tatu. Sikumwita, alikuja mwenyewe, amevaa buibui lake la harusini na ananukia udi, kwa sababu alikuwa amesikia mwanawe anafanya kazi ya chuo kikuu na jirani zake wote wameshakwenda. Mama ni mzaliwa wa Tumbatu, ameolewa Mkokotoni, na kwa zaidi ya miaka thelathini amesomesha watoto Kurani katika madrasa ya pale mtaani. Zaidi ya nusu ya msahafu umo kifuani mwake. Nimekua nikimwona anakuna nazi uani huku mtoto anasoma, na mtoto akiruka herufi moja, mbuzi ya nazi inasimama na mama anasema, bila kuinua kichwa, "Rudi." Hilo neno "rudi" limenikosesha usingizi utotoni kuliko fimbo yoyote.

Nikamvisha hedifoni. Nikabonyeza. Niliona anakigeuza kichwa upande, kama mtu anayetafuta sauti inatokea wapi. Nikadhani ni woga. Maneno yalipokwisha akanitazama, akaanza kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kisiwani.

"Shoka. Barua. Kengele. Takia." Akakunja kidole cha tano. "Chumvi."

Nikangoja.

"Basi, mwanangu. Ndiyo hayo."

Takia halikuwamo katika orodha. Lililokuwamo ni mto. Aliyeitunga orodha alikusudia mto wa maji, ule unaotiririka, ambao Mkokotoni hatuna. Mama alisikia mto wa kulalia, akauweka akilini kama takia, na takia ndilo lililotoka. Maelekezo yalisema neno lisilomo lihesabiwe kosa. Nikahesabu kosa. Zikabaki nne.

Kila mshiriki alipewa karatasi ya shukrani yenye muhuri, na chini yake kisanduku cha matokeo. Chini ya tano ni "dhaifu". Nikaandika: Kumbukumbu: dhaifu. Sikumwandikia adui, nilimwandikia mama yangu, na nilifanya hivyo kwa sababu niliogopa kwamba nikimpendelea nitakuwa mtafiti mbaya.

Mama anasoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, hata Kiswahili chake anakiandika hivyo. Herufi hizi zetu za skuli zinampa tabu. Akaigeuzageuza ile karatasi, akaupapasa muhuri.

"Kumeandikwa nini?"

"Kumeandikwa ahsante, mama."

Akaikunja vizuri, akaitia ndani ya msahafu wake.

Baada ya siku chache jirani yake, mwanamke mwema anayempenda, aliikuta karatasi kwenye meza, imetolewa ndani ya msahafu. Aliona muhuri wa chuo kikuu, aliona jina la mama, Bi Mwalimu kwa watu wa mtaani, na hakusoma zaidi. Akaipiga picha, akaituma katika kundi la wazazi wa madrasa kwenye simu, na chini yake akaandika: Hongera Bi Mwalimu kwa cheti! Watu wakaanza kumpongeza. Kisha mmoja akasoma kilichomo kisandukuni.

Mimi nilikuwa mjini, sikujua lolote. Jirani ndiye aliyenipigia simu, analia, anarudia kwamba hakukusudia. Nikafika Mkokotoni Ijumaa mchana. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele na hakuna mtoto hata mmoja uani. Nimeishi nyumba ile miaka kumi na tisa na sikuwahi kuusikia ukimya wake.

Akanisimulia. Wanaume watatu wa kamati ya madrasa walikuja baada ya sala ya alasiri, wakakaa barazani. Mwenyekiti wao, mzee anayeuza vifaa vya boti, ndiye aliyesema.

"Bi Mwalimu, umefanya kazi kubwa, Mungu atakulipa. Sasa pumzika."

"Nani kakwambia nnachoka?"

"Si maneno yetu. Wasomi wa chuo kikuu wamesema kumbukumbu yako dhaifu. Karatasi yako mwenyewe."

"Nshakosea aya gani?"

Akawauliza tena, aya gani, mtoto gani, siku gani. Mwenyekiti akasema, "Hatusemi umekosea. Tunasema unaweza kukosea. Hiki kitabu cha Mungu."

Siku ya pili yake watoto wakahamishiwa kwa kijana mmoja msikitini.

Mama alinisimulia yote hayo kwa sauti ya kawaida, mikono yake ikiendelea na mchele. Alipomaliza akaniangalia.

"Uliniambia kumeandikwa ahsante."

Nikachota mchele, nikaanza kuchambua pamoja naye.

Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuipata kabla yake. Niliwaza kwenda kwa mwenyekiti dukani kwake nikamuulize kama yeye anaweza kusoma ukurasa mmoja bila kutazama. Mama akanikataza. Basi hasira nikaipeleka mjini. Jumatatu asubuhi nilizipanda zile ngazi za ofisi bila kupumzika, nikaingia bila hodi.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mstaarabu, na hilo liliniudhi zaidi.

"Nimesikitika sana kwa mama," alisema. "Lakini jaribio halikusema asisomeshe. Jaribio limesema alikumbuka maneno manne siku ile. Waliokosea ni waliolitumia vibaya."

"Wewe ndiye uliyeniagiza niandike 'dhaifu'."

"Ni kipimo kinachotumika kwingi."

"Mtu aliyebeba nusu ya msahafu kifuani, kipimo chako kinamwita dhaifu. Sasa mbovu nani?"

"Kurani ameihifadhi tangu utotoni, kwa kurudia maelfu ya mara. Hiyo ni kumbukumbu ya aina nyingine. Sisi tulipima uwezo wa kushika jambo jipya kwa mara moja. Unalijua hilo, umelisoma kwangu."

Nilikuwa nikilijua. Hata katika hasira yangu nilijua alikuwa na haki katika hilo, na nilitamani asiwe nayo. Nilisema jaribio lake lote ni uongo. Akaniuliza, kwa upole uleule, "Wapi? Nionyeshe wapi." Nikashindwa. Machozi yakanitoka.

Ili nisimtazame usoni nikaufungua mkoba wa vifaa niliokuwa nimerudi nao kutoka Mkokotoni, nianze kumkabidhi mali yake. Nikatoa kinasa sauti. Nikatoa hedifoni. Sijui kwa nini nilizivaa. Labda nilitaka kusikia alichokisikia mama. Nikabonyeza.

"Reli," ikasema sauti, kwenye sikio langu la kushoto tu.

Nikazigeuza, nikavaa kinyume. "Tufaha." Sauti ikahamia kulia. Upande mmoja wa hedifoni ulikuwa umekufa.

Nikamvisha mwalimu. Akasikiliza. Akauchezea waya, akasikiliza tena. Uso wake ukabadilika.

"Tangu lini?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Mimi niliwavisha watu hedifoni wiki nzima na sikuwahi kuzivaa mwenyewe hata mara moja. Mtu mwenye masikio mawili mazima anasikia maneno kwa upande mmoja, anadhani ndivyo kitu kilivyo, anakaa kimya kwa adabu. Na mama yangu, nikakumbuka sasa, alikigeuza kichwa.

Nikarudi Mkokotoni siku ileile. Mama alikuwa uani amenipa mgongo, anafua. Nikasimama nyuma yake upande wa kushoto, nikasema, "Mama," kwa sauti ya kawaida. Akaendelea kufua. Nikasema tena. Kimya. Nikahamia kulia, nikasema kwa sauti ileile.

"Naam," alijibu. "Umefika saa ngapi?"

Nikakaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni. Binti yake, ninayesomea akili za watu, nilikuwa sijui kwamba mama yangu hasikii kwa sikio la kushoto.

"Tangu lini, mama?"

Alitaka kukataa, kisha akaacha. "Miaka mingi. Lilinitoka usaha nilipokuwa na mimba ya mwisho, likapona, likawa zito. Kidogo kidogo likafunga."

"Na madrasa?"

"Wasomaji wazuri nnawakalisha kushoto. Wanaobabaika wanakaa kulia, nnawasikia kila herufi. Nshajipanga zamani. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na Mungu wangu, mpaka umekuja na makopo yako ya masikio."

Kushoto kwake hedifoni zilikuwa zinasema. Kulia, kwenye sikio zima, kulikuwa na kimya. Yale maneno manne aliyadaka kwa sikio bovu, mnada wa samaki ukipigwa nje. Nilipoelewa hivyo, nikaiona nne ile kuwa kubwa mno.

Nilimpeleka hospitali mjini. Daktari wa masikio akatazama, akapima, akathibitisha aliyoyasema mama. Tulipotoka nikamwomba tupite ofisini kwa mwalimu. Hakupenda, lakini alikuja. Mwalimu alimwamkia, "Shikamoo, Bi," akainama kabisa, na mama akaitika, "Marahaba, mwanangu," bila kinyongo chochote cha kuonekana. Safari hii mwalimu aliketi kulia kwake, akatoa orodha nyingine, akaisoma kwa mdomo, polepole, dirisha limefungwa.

Mama alipata tisa.

Lazima niseme ukweli: nilitaka kumi na tano. Nilitaka aseme yote bila kukosa ili niweze kumtupia mwalimu ile orodha usoni. Nilipohesabu tisa nilihisi aibu, kisha nikaionea aibu ile aibu. Mwalimu alisema tisa kwa umri ule ni kumbukumbu ya kawaida kabisa, nzuri hata. Mama alichokisema ni, "Nshachoka kuulizwa. Twende zetu."

Wiki ile tulikuwa na kazi ya darasani: chagua jaribio moja la kumbukumbu, lipime, sema uzuri wake na ubaya wake. Nikachagua lake. Nilikaa chumbani kwangu na kuandika kwa ghadhabu, karatasi zinachanika. Lakini kazi yenyewe ilinilazimisha niseme na uzuri, na nilipoulizwa uzuri ilinibidi nifikiri. Sauti moja iliyorekodiwa ni jambo zuri: inamsomea tajiri na maskini kwa kasi ileile, na msaidizi kama mimi hawezi kumpendelea mama yake kwa kulivuta neno. Orodha ya maneno yasiyohusiana ni jambo zuri pia, kwa sababu haipimi elimu wala ukoo. Watu waliulizwa kama wameridhia, na waliambiwa wanaweza kujitoa siku yoyote. Niliyaandika hayo yote huku nimeuma meno.

Kisha nikaja kwenye ubaya, na hapo kalamu haikusimama. Kwamba maneno yaliteuliwa na mtu asiyejua kwamba mto kwetu hulaliwa. Kwamba hatukumpima mtu masikio kabla ya kumpima akili, na kumbe asiyesikia neno hawezi kulisahau, maana hakuwahi kuwa nalo. Kwamba mtu mzima anayeingia kwenye chumba kigeni, mbele ya mtoto wake mwenye kalamu, hapimwi kumbukumbu peke yake, anapimwa na haya yake. Kwamba neno "dhaifu" halikuwa na kazi yoyote kwenye karatasi ya shukrani. Na lililo kubwa kuliko yote: watu wa mjini walijaribiwa kwa hedifoni nzima katika chumba cha kimya, na watu wa Mkokotoni, wote, kwa hedifoni yenye upande mmoja uliokufa, karibu na mnada. Halafu tunakaa mezani tunasema watu wa shamba wanakumbuka kidogo.

Alinirudishia kazi na alama nzuri. Pembeni ya ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika: Hoja zako ni za kweli. Hasira yako uiache nje.

Nikaenda kumuuliza atafanya nini na majibu ya Mkokotoni.

"Nitayaeleza kwenye sehemu ya mapungufu," alisema. "Kwamba kifaa kilipata hitilafu."

"Kwa maneno mangapi?"

"Sentensi moja inatosha. Wasomaji wataelewa."

"Sentensi moja. Mama yangu kanyang'anywa kazi ya miaka thelathini, na wewe una sentensi moja."

"Unataka nifanye nini? Niyafute yote?"

"Naam. Yafute."

Alisema amefanya kazi ile miaka miwili. Mimi nikasema mama amefanya yake thelathini na kitu. Tukaachana hivyo, na tangu siku ile sikufanya tena kazi yake.

Mama, nilipomhadithia, hakutaka maneno mengi. Aliuliza tu kama ile fomu aliyotia saini bado ina nguvu, ile iliyosema unaweza kujitoa. Nikamwambia ina nguvu. Akaja mjini mwenyewe, akapanda zile ngazi, akaandika kwa herufi zake za Kiarabu kwamba anajitoa, na jina lake likakatwa mbele yake. Alipoteremka alisimama soko la Darajani akanunua kofia za wale watoto wa madrasa.

Habari za mama kujitoa zilifika Mkokotoni kabla yake. Jirani yake akajitoa. Wakafuatia wengine, mpaka mwalimu hakuwa na namna ila kuanza upya upande wa shamba. Alituma wanafunzi wengine, na hedifoni mpya, na safari hii wakiuliza kwanza kuhusu masikio. Wengi waliwafungia milango. Siwezi kusema nilisikitika. Baadaye nilisikitika kidogo.

Kwa upande wa kamati, mwalimu aliwaandikia barua, na barua yake ilikuwa nzuri, lazima nimpe hilo. Iliwaeleza kwamba jaribio halipimi hifadhi ya Kurani wala uwezo wa kusomesha, na kwamba lenyewe lilikuwa na kosa. Mwenyekiti aliileta kwa mama mkononi. Nilikuwapo. Alikaa palepale barazani, akasema kamati imeona vyema Bi Mwalimu arudi, siku mbili kwa wiki, kwa majaribio.

Niliposikia neno "majaribio" niliinuka. Mama akanishika mkono.

"Ahsanteni," alimwambia. "Sirudi."

"Bi Mwalimu, tumekuja kwa wema."

"Nnajua. Na kwa wema nnakwambieni sirudi. Siku ile niliwauliza aya gani nimekosea. Mnijibu hilo kwanza."

Mzee aliangalia viatu vyake. Hakuomba radhi. Alisema tutazungumza, akaondoka, na hawakuzungumza.

Sasa mama anasomesha wanawake watu wazima, uani kwake, asubuhi baada ya kazi za nyumbani. Wengine ni mama wa watoto waliohamishwa. Wanakaa duara, na kila mmoja anajua upande upi akae, kwa maana siri ya sikio sasa si siri, anaisema mwenyewe na kucheka. Kifaa cha kusikilizia alichopewa hospitali amekiweka kabatini, anasema kinapiga kelele kama redio isiyoshika. Tunagombana kwa hilo kila nikienda.

Mwenyekiti akipita njiani humsalimia mama, na mama humwitikia salamu kamili, mpaka mwisho wake, wa rahmatullahi wa barakatuh. Mimi nikiwapo nageuza uso ukutani. Mama ameniambia mara nyingi kwamba salamu ni deni la kila Muislamu, na kwamba mtoto aliyesoma asishindwe na jambo dogo namna hiyo. Nimejaribu. Mdomo unafunguka, sauti haitoki.